Mtaa Mzima Unajua, Jaji Hajui

Mshtakiwa wa mauaji akiachiwa huru, sisi waendesha mashtaka tukitoka nje ya mahakama hukutana na swali lile lile, mara nyingi kutoka kwa mama wa marehemu: "Mwanangu, vipi mmemwachia na mtaa mzima unajua kuwa ni yeye?" Pale mlangoni jibu halitoshi. Nitajaribu hapa, kwa kisa cha kutunga.

Mchumaji karafuu kakutwa asubuhi amekufa shambani, upande wa Konde, Pemba, ana jeraha la panga kichwani. Mahakama Kuu, Chake Chake, shahidi anaapa na kusema bila kusita kuwa muuaji ni jirani yake. Wakili wa utetezi anainuka.

"Ulimwona akimpiga?"

"Sikumwona. Kaniambia shemegi yangu."

"Shemegi yako alikuwepo?"

"Hakuwepo. Na yeye kaambiwa na mwenye gari mmoja wa Wete."

"Anaitwa nani?"

Kimya.

Huo ndio ushahidi wa kuambiwa. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar, Namba 9 ya mwaka 2016, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: la kuonwa alieleze aliyeliona, la kusikiwa alieleze aliyelisikia. Mwenye gari hakuapa, jaji hamwoni uso, wala hakuna wa kumuuliza alisimama umbali gani, palikuwa na mwanga gani, au ana ugomvi gani na huyo anayemtaja. Na mauaji ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo.

Lakini si kila kilichosikiwa ni cha kuambiwa, na hapa hata wasomi huchanganya. Ukiwa barazani ukamsikia jirani akimwambia marehemu, "Ukivuka tena mpaka wangu utarudi kwa jeneza," wewe ni shahidi wa moja kwa moja kwamba maneno hayo yalitamkwa. Hayathibitishi kuwa ameua. Yanathibitisha kwamba palikuwa na ugomvi na kitisho, na hilo peke yake ni jambo.

Pia sheria inayapokea maneno ya marehemu juu ya kilichomsababishia kifo, ijapokuwa mwenyewe hayupo tena kuulizwa. Masheha, viongozi wa serikali mitaani, na nyote mlio karibu na majeruhi, yaandikeni kama alivyoyatamka. Akisema "ni yule wa mwisho wa njia," andikeni hivyo hivyo; msiandike jina mnalodhani nyinyi. Mahakama huyapima maneno haya kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida hutafuta kingine cha kuyaunga mkono, kwani aliyepigwa panga gizani naye anaweza kukosea mtu.

Turudi shambani. Hakuna aliyeona pigo. Ila jirani alionekana baada ya isha akiongozana na marehemu, mkononi ana panga. Alfajiri kapanda boti kwenda Unguja. Chini ya kitanda chake kuna shati lenye damu. Huu ni ushahidi wa mazingira. Wapo wanaoudharau, mimi simo. Jicho la usiku hudanganya, na shahidi wa macho anaweza kuwa na chuki zake. Doa la damu halina chuki na mtu.

Shida yake ni kwamba doa halijielezi. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika rufaa iliyotoka Uganda, iliweka kipimo kinachotumika mpaka leo: kesi ikisimama juu ya mazingira matupu, mambo yote yaliyothibitishwa yawe hayapatani na kutokuwa na hatia, wala hayana maelezo mengine ya maana isipokuwa kwamba mshtakiwa ndiye aliyetenda.

Basi jaji hukigeuza kila kitu. Shati: mshtakiwa anasema juzi yake alichinja mbuzi wa akika, na majirani walikula. Damu ya mbuzi au ya mtu? Mkemia wa Serikali angelijibu hilo, lakini ikiwa shati lilizunguka siku tatu ndani ya mfuko wa plastiki na hakuna maandishi ya nani alilishika lini, jibu lake litatiliwa shaka. Safari: je, ni desturi yake kwenda Unguja kila wiki? Na kuhusu kuwa mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, anatarajiwa aeleze waliachana wapi. Akinyamaza au akidanganya, inamwelemea. Akisema waliagana njia panda akaenda msikitini, na imamu akathibitisha, kamba ya ushahidi imekatika.

Kwa nionavyo, kamba hii hukatika mapema mno, asubuhi ile ile kabla polisi hawajafika. Watu mia wameshakanyaga, nyayo hazijulikani tena za nani, na mtu mwenye huruma zake ameshaliosha panga ili watoto wasione damu.

Tukija kuchukua maelezo, kwa hiyo, uacheni mtaa na unachokijua. Tuambieni saa ngapi, wapi, tochi ilikuwa ya nani, alivaa nini, hata kama mnaona ni vitu vidogo. Na yule mwenye gari wa Wete, ikiwa kweli aliona, tutajieni jina lake wiki hiyo hiyo. Kesi ikifika kusikilizwa, huenda ameshauza gari na kuhamia Bara.