Karakana ya zamani kuwa ukumbi wa hafla: pima kwanza, chora baadaye

Wengi wanaopata kiwanda cha zamani na kutaka kukigeuza ukumbi humwita msanifu majengo siku ya kwanza. Ushauri wangu ni kuanza na mhandisi wa miundo na mtu wa kuchukua sampuli, michoro ingoje. Bajeti za kazi hizi huliwa na vitu vilivyojificha ukutani, chini ya sakafu na juu ya kenchi.

Sumu ndiyo ya kwanza. Asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, haiko kwenye mabati ya paa tu. Imo pia kwenye vihami joto vya mabomba ya mvuke, bitana za boila, gasketi na vigae vya sakafu. Rangi ya zamani ya vyuma mara nyingi ina risasi, kwa hiyo kuipiga msasa mkavu ni kusambaza vumbi la sumu jengo zima. Transfoma na kapasita za zamani huweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu. Sakafu ya mbao iliyokunywa mafuta ya mashine kwa miaka mingi hushika moto upesi, na kuiosha juujuu hakuyatoi mafuta yaliyozama. Ukaguzi wa macho hautoshi: vipande vikatwe, vipelekwe maabara, kabla fundi yeyote hajashika nyundo.

Kisha uzito. Kuna imani kwamba sakafu iliyobeba mashine za tani nyingi haiwezi kushindwa na watu. Mashine kubwa kwa kawaida ilikaa juu ya msingi wake yenyewe, si juu ya sakafu. Umati uliosongamana huhesabiwa kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba, na watu hawatulii. Wakiruka kwa mdundo mmoja, hugonga sakafu mara 2 hadi karibu 3 kwa sekunde, na kila mdundo huja na mitetemo yake midogo ya mara mbili na mara tatu ya kasi hiyo. Ndiyo maana sakafu ya ghorofa yenye mtetemo wa asili chini ya 8 Hz hivi (mara 8 kwa sekunde) huhitaji hesabu maalumu, hata kama nguvu yake ya kubeba inatosha kwenye karatasi.

Nguzo za chuma cha kusubu zinataka uangalifu wa peke yake. Nyingi ni tupu ndani, na wakati wa kusubu kiini cha kalibu kiliweza kusogea, upande mmoja ukatoka mnene na mwingine mwembamba. Ukipima upande mmoja tu umejidanganya. Toboa matundu madogo 3 au 4 kuizunguka nguzo katika kimo kimoja, pima unene, na hesabu itumie ule mdogo kabisa. Usichomelee kitu juu ya chuma hiki. Hupasuka kando ya mshono. Funga kola kwa bolti.

Kenchi nazo zilipigiwa hesabu ya paa na upepo, si ya spika na taa. Pointi moja ya kuning'inizia huweza kudai kilo 500 hadi tani nzima. Angalia kama jengo lilikuwa na kreni ya juu: nguzo na reli zake zilijengwa kubeba tani kadhaa zinazotembea, na mara nyingi hapo ndipo pa kuegemeza mzigo mpya, baada ya kukagua nyufa za uchovu, zinazoletwa na mzigo unaojirudia, kwenye riveti. Kama haikuwapo, simamisha fremu ya chuma yenye miguu na misingi yake.

Sauti ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na bado hairukwi tu, hudharauliwa. Muda wa mrindimo, yaani sekunde zinazopita mpaka sauti ishuke desibeli 60, hukadiriwa kwa fomula ya Sabine: 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawa kwa jumla ya ufyonzaji. Chukua karakana ya mita 40 kwa 20, kimo mita 10. Ujazo ni mita za ujazo 8,000. Eneo la kuta, sakafu na paa ni mita za mraba 2,800. Matofali, zege na bati kwa wastani hufyonza kama asilimia 5, kwa hiyo ufyonzaji ni 140. Jibu ni sekunde 9.2. Humo maneno ya msema chochote hayasikiki hata ukiongeza spika. Spika zaidi huongeza fujo.

Kwa muziki wa vipaza sauti, ukumbi wa ukubwa huu unataka sekunde 1.5 au pungufu. Hapo ufyonzaji unaohitajika ni karibu 860. Watu 600 waliosimama huleta kama 300. Pengo linalobaki ni 420, sawa na mita za mraba 470 hivi za paneli zinazofyonza asilimia 90. Hiyo ni zaidi ya nusu ya eneo la dari.

Kosa la kawaida ni kubandika sponji ya sentimita 3 ukutani. Inameza sauti nyembamba na kuiacha besi ikinguruma, ukumbi ukawa mzito na mchafu zaidi. Tumia sufi ya mawe yenye unene wa milimita 100, iachie nafasi ya hewa ya milimita 200 nyuma yake, na ining'inize chini ya paa ili matofali yabaki wazi. Mapazia mazito kwenye ukuta unaotazamana na jukwaa husaidia kuua mwangwi unaorudi kwa waimbaji.

Hewa: kwa lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, watu hao 600 wanahitaji mita za ujazo 21,600 kwa saa. Tumia njia pana za hewa na mwendo wa polepole, la sivyo feni zitasikika kuliko hotuba. Umati huo huo hutoa makumi ya lita za maji kwa saa kwa pumzi na jasho, na chini ya bati baridi lisilo na kihami maji hayo hudondokea mitambo.

Kuta za matofali zilizojengwa kwa chokaa, viungo vyake visizibwe kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, hivyo maji hutokea kwenye tofali lenyewe, chumvi hukauka ndani, uso wa tofali ukabanduka. Chimba kiungo kwa tindo, si grenda, kwa kina mara mbili ya upana wake, jaza chokaa kwa mchanga 1 kwa 2.5 au 3, kisha kilinde na jua na kukilowesha kidogo kwa siku kadhaa. Kupiga mchanga kwa mashine pia usithubutu. Kunaondoa ngozi iliyochomwa, na tofali huanza kunywa maji.

Kwenye njia za kutokea sikubali mapatano. Desemba 2016 watu 36 walikufa Oakland, Marekani, ghala la Ghost Ship lilipoungua wakati wa tamasha. Jengo halikuwa na kibali cha hafla, na ngazi mojawapo iliundwa kwa paleti. NFPA 101, kanuni ya Marekani ya usalama wa watu ndani ya majengo, hudai njia 3 kwa watu 501 hadi 1,000, na milimita 5 za upana kwa kila mtu mahali pa sawasawa: kwa 600, jumla ni mita 3. Milango ifunguke kuelekea nje. Mlango wa kiwandani wa kutelezesha hauhesabiwi; uache kama pambo, ukiwa wazi muda wote wa hafla.

Yote mapya yaondoleke. Jahrhunderthalle, jumba la zamani la kiwanda huko Bochum, Ujerumani, lililojengwa kwa maonyesho ya 1902, lilipewa sebule mpya ya kupokelea wageni ubavuni badala ya kujazwa vyumba ndani. Hata kwenye jambo dogo kama bano la taa, toboa kwenye kiungo, si kwenye tofali. Siku litakapotolewa, tundu litajazwa chokaa na alama haitaonekana.