Je, wajua? Miti ya ghorofani Milan haikuongezei oksijeni ya kupumua

Yale maghorofa mawili ya Milan, Italia, yaliyojaa miti vibarazani yanaitwa Bosco Verticale, yaani msitu uliosimama wima. Yalikamilika 2014, msanifu ni Stefano Boeri na wenzake, miti inakaribia 800 ukiacha vichaka. Sasa inafanya nini huko juu?

Mi nilikuwa najibu kwa kujiamini kabisa, oksijeni! Nimebishana kijiweni kwamba watu wa mle wanapumua hewa ya msituni. Kumbe sivyo. Hewa ina oksijeni kama asilimia 21, iwe Milan iwe Kariakoo, na upepo unaichanganya muda wote, kwa hiyo ile ya mti wa barazani kwako inapeperuka kabla hujaivuta. Halafu usiku mti nao unatumia oksijeni kama wewe tu.

Faida utakayoihisi ni kivuli, ila kivuli kilichokaa nje ya kioo. Chukua gari, lipaki juani uweke lile kadibodi la kung'aa kwa ndani. Usukani hautakuunguza sana, lakini ukifungua mlango joto linakupiga usoni vilevile. Lipaki chini ya mwembe uone tofauti. Jua likishapita kioo likagonga kitu linageuka joto, na joto hilo halitoki kirahisi, kwa hiyo pazia zito la sebuleni ni kama kufunga mlango mwizi akiwa ameshakaa kwenye kochi. Tawi linamzuia getini. Tena mingi ya miti ile inapukutisha majani msimu wa baridi, jua likihitajika linaingia, yaani pazia lisilotaka rimoti.

Majani pia yanatoa mvuke unaopooza hewa, kama mtungi wa udongo unavyotoka jasho. Hili usilitegemee sana kwenye jiji lenye unyevu kama Dar, maana hewa iliyoshiba maji haikaushi kitu upesi.

Na kuliita jengo la kijani moja kwa moja, taratibu kwanza. Kubeba udongo na miti angani kunataka zege na chuma zaidi, na saruji inatoa kaboni nyingi kiwandani kabla hata mche haujapandwa.

Ninachokipenda zaidi ni kupogoa: mafundi wanashuka na kamba kutoka paani wakining'inia na misumeno yao, kwa sababu miti inatunzwa na usimamizi wa jengo, wewe mwenye fleti unakunywa chai tu mtu anapita dirishani, ghorofa ya 20, anakata matawi.