Je, Wajua Kwa Nini Redio Hukwaruza Ukiisogeza Karibu na Chaja?

Washa redio ndogo ya AM, iweke mahali pasipo na kituo chochote, kisha isogeze taratibu kwenye chaja ya simu inayofanya kazi. Mara nyingi ule mchakacho mwepesi utageuka mngurumo. Irudishe nyuma kidogo, unafifia. Igeuze ubavu, pengine unapotea kabisa. Chaja haikuundwa kutangaza chochote, wala haina antena. Sasa inatangazaje?

Ndani yake mna transista inayokata na kuunga umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mkato huo ni mkali, na kila mkato mkali huzaa masafa mengine ya juu zaidi, mpaka yanaingia kwenye eneo la redio ya AM, kati ya kilohezi 530 na 1,700 hivi. Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu. Chaja mbili zinaweza kukata umeme kwa kasi ileile, moja ikanguruma na nyingine ikanyamaza. Tofauti iko kwenye bodi ya saketi, ile sahani nyembamba yenye njia za shaba, na hasa kwenye namna mchoraji alivyopanga njia ya kurudi.

Mkondo wa umeme haufiki kwenye chipu ukaishia hapo. Kila unaotoka lazima urudi ulikotoka, na safari hiyo ya kwenda na kurudi huunda kitanzi. Mkondo ukibadilika haraka ndani ya kitanzi, mawimbi yanatoka. Mwaka 1887 Heinrich Hertz alinasa mawimbi ya redio kwa kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo, akaona cheche ikiruka mwanyani. Yeye alikikunja kwa makusudi. Wachora bodi tunavitengeneza vya namna hiyo kila siku bila habari.

Kelele ya kitanzi kidogo hutegemea mambo matatu: mkondo, masafa na eneo. Ukiongeza eneo mara mbili, nguvu ya uga, yaani ukali wa mawimbi yanayokwenda mbali, inaongezeka mara mbili. Ukiongeza masafa mara mbili, inaongezeka mara nne. Mkondo na masafa mara nyingi vimeshaamuliwa na kazi ya kifaa. Eneo ndilo lililo mikononi mwa mchoraji.

Tuchukue njia moja ya shaba yenye urefu wa sentimita 10. Kama mkondo unarudi kwa njia nyingine iliyo pembeni, sentimita 3 kando, kitanzi kina milimita za mraba 3,000. Tandaza shaba ya graundi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia mkondo, upande wa pili wa bodi ya kawaida yenye unene wa milimita 1.6, eneo linashuka hadi 160. Tumia bodi ya tabaka nne, graundi ikiwa milimita 0.2 tu chini ya njia, unabaki na 20. Hakuna chipu iliyobadilishwa hapo, wala mstari mmoja wa programu.

Ila kuna kinachoshangaza: shaba ya graundi ni uwanja mzima, mkondo unajuaje pa kupita? Umeme usiobadilika hutafuta ukinzani mdogo, kwa hiyo husambaa. Unaobadilika haraka hutafuta kitu kingine, yaani induktansi ndogo (induktansi ni ukaidi wa saketi dhidi ya mabadiliko ya mkondo), ambayo huongezeka kadiri kitanzi kinavyopanuka. Basi wenyewe unajikunja chini ya njia uliyotokea, kona kwa kona, kama kivuli. Bodi inataka kunyamaza. Kazi yako ni kutoizuia.

Na tunaizuia. Kosa ninaloliona zaidi ni kuchana graundi katikati, eti kutenga upande wa analogi na wa dijitali, halafu kupitisha njia ya ishara juu ya ufa. Kivuli kikifika ukingoni hakina pa kukanyaga, kinauzunguka ufa wote, na kitanzi kinafutuka. Heri graundi moja nzima, na vipande vya kelele vikae mbali na vile vinavyosikia.

Kapasita, yaani vihifadhi vya chaji, ndogo za nanofaradi 100 zinazowekwa pembeni mwa chipu zina kazi hiyohiyo ya kufupisha kitanzi. Chipu ina kiu ya ghafla, na mtungi wake lazima uwe karibu. Kila milimita ya njia nyembamba huongeza induktansi ya takribani nanohenri moja, kwa hiyo kapasita iliyowekwa mbali ni pambo.

Tena, usidanganywe na saa ya chipu, yaani mapigo yanayoongoza kasi ya kazi yake. Ishara ya megahezi 1 inayopanda kwa nanosekunde 1 ina nguvu inayofika karibu megahezi 350, kwa sababu wepesi wa kupanda ndio unaoamua. Ndiyo maana bodi iliyokuwa kimya inaweza kuanza kelele baada ya chipu kubadilishwa na toleo jipya lenye kasi zaidi. Rezista ya omu 33 hivi, mwanzoni mwa njia, huupunguzia mpando huo ukali.

Kinachobaki hutokea kwenye kebo. Mikroampea 5 tu za megahezi 50, zikivuja kwenye kebo ya mita 1, hutoa uga wa takribani mikrovolti 100 kwa mita, ukipimwa mita 3 kutoka hapo. Hicho ndicho kikomo cha Marekani kwa vifaa vya nyumbani katika masafa hayo. Ule uvimbe mweusi kwenye baadhi ya kebo za kompyuta ni kipande cha feraiti, aina ya kauri yenye sifa za sumaku, kilichowekwa kuzuia uvujaji huo. Mara nyingine kiliongezwa mwishoni kabisa, baada ya kifaa kushindwa kipimo, wakati kuchora bodi upya kumeshakuwa ghali.