Jiwe au chuma: kabla hujahamia pawalifti

"Kocha, niwate mawe nishike chuma?" Swali hili huniletea zaidi vijana wa gatini. Wengi wao ni mahamali. Mji wa kale wa Lamu hauna magari, kwa hivyo kila mfuko wa saruji unaoshuka chomboni hupanda begani mwa mtu, au kwenye mkokoteni, au mgongoni mwa punda, mpaka mlangoni kwa mwenye mali. Jioni vijana hao hao wanakuja kugeuza tairi, kukumbatia mawe na kutembea na mizigo miwili mikononi. Hiyo ndiyo strongmani, na kusema kweli walikuwa wakiifanya kabla hawajajua ina jina. Sasa simu zimewaonyesha pawalifti: miinuo mitatu tu, skwati (kuchuchumaa na kupanda na chuma mabegani), benchi (kulala chali na kukisukuma kutoka kifuani) na dedilifti (kukiinua kutoka sakafuni), na jumla ya kilo unayoweza kuitaja mbele ya watu.

Wengine huanza kujiuliza wanapenda mchezo upi. Mimi huwapandisha kwenye mizani kwanza.

Katika strongmani ya wazi, isiyo na madaraja ya uzito, jiwe halikuulizi una kilo ngapi. Jiwe la kilo 140 ni hilo hilo kwa mwenye kilo 70 na kwa mwenye kilo 150. Ukivuta lori, mwili mzito unaouegemeza mbele ni sehemu ya nguvu yenyewe. Ukibeba nira, ile fremu ya chuma inayokaa mabegani, ya kilo 300, mtu mnene mwenye kiuno kipana hutikisika kidogo, na wewe mwembamba unayumba kama mlingoti usio na kamba. Ndiyo maana mabingwa wa juu wa mchezo huo ni majitu. Hafþór Björnsson wa Iceland, aliyeinua dedilifti ya kilo 501 Mei 2020, ana urefu unaozidi mita 2. Kuna mashindano ya strongmani yenye madaraja ya uzito, nami nayaunga mkono, lakini hata humo madaraja huwa machache na mapana.

Pawalifti imejengwa juu ya madaraja. Shirikisho la kimataifa, IPF, lililoanzishwa 1972, huwapanga wanaume katika kilo 59, 66, 74, 83, 93, 105, 120 na zaidi ya 120. Wanawake ni 47, 52, 57, 63, 69, 76, 84 na zaidi ya 84. Vijana wangu wengi wako kati ya 66 na 74, wamekauka kwa kazi na jua. Hawa kwenye strongmani watapigana na vitu vilivyotengenezwa kwa watu wawili wa saizi yao. Kwenye pawalifti watakutana na watu wa uzito wao. Kwa kijana wa kilo 68 asiyetaka kula mpaka afike 110, hoja hii peke yake inatosha kumfanya ahame, na mimi simzuii.

Mwenye kilo 115 na mifupa mipana namwambia asiwe na haraka. Huyo mchezo wa mawe unamfaa.

Jambo la pili ni tabia. Strongmani inamsamehe mtu. Ukifikisha mzigo kwenye mstari umeufikisha, hata kama mgongo ulipinda na uso ukageuka. Mara nyingi dedilifti yao inaruhusu mikanda ya kufungia mkono kwenye chuma, na inaruhusu kukiegemeza chuma mapajani na kukipandisha kwa vishindo. Kwenye pawalifti, mikanda hiyo hairuhusiwi na vishindo ni kosa. Chuma kishike kwa vidole vyako, kipande bila kushuka hata kidogo njiani, magoti na mabega yanyooke, kisha usubiri mwamuzi akwambie teremsha. Ukikiachia kabla ya amri, kazi yote imekwenda na maji.

Kwenye skwati, kikunjo cha nyonga lazima kishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Kwenye benchi, kichwa, mabega na makalio yasiachane na benchi, nyayo zikae sakafuni, chuma kitulie kifuani, na usisukume mpaka uambiwe. Waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake, nyeupe au nyekundu. Unahitaji nyeupe mbili. Una majaribio matatu kwa kila mwinuo, na ukikosa yote matatu ya skwati huna jumla siku hiyo, hata kama dedilifti yako ingewanyamazisha watu wote ukumbini. Nimewaona watu wenye nguvu za ajabu wakikasirika kwa sheria hizi mpaka wakaondoka. Wengine, na mara nyingi ni wale wapole wasiosema sana, huzipenda: wanafurahia kurudia kitu kimoja mwezi baada ya mwezi ili kiongezeke kilo mbili na nusu. Wewe ni yupi kati ya hao? Hilo mizani haitaniambia.

Sasa kipi katika nguvu ulizonazo kitahama nawe. Hapa watu hujidanganya sana, kwa pande zote mbili.

Dedilifti itahama karibu yote, isipokuwa mshiko. Hamali ana mikono migumu, lakini mfuko hushikwa kwa kukumbatia na chuma hushikwa kwa vidole. Chuma cha mashindano kina kipenyo cha milimita 28 au 29 na huzunguka kiganjani. Waliozoea mikanda hugundua kwamba mgongo uko tayari kwa kilo 220 na vidole vinaachia kwa 180. Si jambo dogo: Björnsson alipoinua 501 alikuwa na mikanda, na Mwaislandi mwenzake Benedikt Magnússon alipoinua 460 mwaka 2011 alikuwa na mikono mitupu. Itabidi uchague, kiganja kimoja mbele na kimoja nyuma, au kidole gumba kifungiwe ndani ya vidole vingine. Njia hiyo ya pili inauma wiki za mwanzo, halafu gumba huzoea. Chaki inaruhusiwa, na kwa unyevu wetu wa pwani bila chaki usijisumbue.

Skwati ndiyo inayowaaibisha. Nira huipokea ikiwa juu, magoti yanakunja kidogo tu, halafu unatembea. Kwa hivyo miguu yako ina nguvu nyingi katika nusu ya juu, na chini kabisa ni mgeni. Kijana anayetembea na kilo 250 begani anaweza kukwama na 120 akishuka kina kinachotakiwa. Aidha vifundo vyake vya miguu havikunji vya kutosha, visigino vinanyanyuka, kifua kinaanguka mbele. Namrudisha kwenye uzito ambao mwenyewe anauona wa kitoto na namwambia akae chini kule, atulie sekunde mbili, ndipo apande. Wanachukia zoezi hili kuliko yote.

Benchi utaianza karibu upya. Gogo la strongmani husukumwa kwenda juu ya kichwa, na mabega yako yatakuwa mazuri, lakini benchi inataka kifua, inataka mabega yabanwe nyuma, inataka miguu isukume sakafu wakati mwili umelala. Na ule utulivu wa chuma kifuani humuibia kilo nyingi kwa siku moja mtu aliyezoea kukidundisha.

Historia inaonyesha njia hii hupitwa zaidi kwa upande wa pili. Bill Kazmaier wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia wa pawalifti 1979, kisha akashinda World's Strongest Man, mashindano makuu ya strongmani, 1980, 1981 na 1982. Žydrūnas Savickas wa Lithuania naye alipitia pawalifti. Nguvu ya msingi iliyojengwa kwa chuma hubebeka vizuri kwenda kwenye mawe. Nguvu iliyojengwa kwa mawe inahitaji kunyooshwa kabla haijaingia kwenye chuma. Kwa hivyo kama uko na miaka 19 au 20 na moyo wako uko kwenye mawe, miaka miwili ya pawalifti haitakupotezea kitu.

Wapo wanaotaka kuhama kwa sababu ya maumivu, na hapa nakuwa mkali. Ni kweli mawe na tairi yana hatari zake. Misuli ya mbele ya mkono huchanika pale mtu anapojaribu kulivuta jiwe au tairi kwa viwiko vilivyokunjwa badala ya kuinyoosha mikono na kuacha nyonga ifanye kazi. Lakini chuma nacho kina yake. Ule mshiko wa kiganja kimoja mbele huchana misuli hiyo hiyo. Benchi nzito huchana misuli ya kifua. Na kiuno kinachouma ukiinama kuchukua jiwe, kitauma vile vile ukiinama kuchukua chuma. Ukiwa na maumivu yanayoshuka mguuni, au ganzi, nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa viungo. Kubadilisha mchezo si dawa.

Halafu kuna kazi, na makocha wa mtandaoni hawana habari nayo. Programu zao zinasema Jumatatu skwati, Jumatano benchi, Ijumaa dedilifti, saa kumi na moja jioni. Hamali hana saa kumi na moja jioni. Vyombo hupakuliwa kwa maji, na maji husogea karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua mambo yanakuwa ya mbio, maji yakikupwa chombo kimekaa mchangani. Kwa hivyo mimi sipangi kwa siku za wiki. Napanga kwa mfuatano: zoezi la kwanza, la pili, la tatu, unalifanya unapopata nafasi, mradi skwati nzito na dedilifti nzito visifuatane, wala kimoja kisiangukie baada ya siku ya kubeba saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Ukibeba 60 kutwa, umeshapandisha tani 3 kwa uti wa mgongo wako, na mwili haujui kwamba ile ilikuwa kazi na hii ni michezo.

Hapa pawalifti inawafaa mahamali kwa namna isiyotarajiwa. Kubeba tayari wanabeba. Wanachokosa ni kushuka chini na kusukuma kwa kifua, tena kwa marudio machache na mapumziko ya dakika tatu hadi tano. Strongmani juu ya uhamali mara nyingi ni uhamali mara mbili. Na mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, seti chache nzito zinawezekana kwa mtu aliyefuturu vizuri, lakini kukimbia na mizigo mpaka upumue kwa mdomo wakati bado hujarudisha maji ya mchana, hapana.

Upande wa gharama, mawe ni rahisi: simenti, kalibu, na fundi mwenye subira. Pawalifti inataka chuma kilichonyooka cha kilo 20, sahani, benchi imara na vishikio vya skwati. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea vishikio na benchi. Chuma usimwachie. Hewa yetu ya chumvi hula kila kitu, basi kifutwe na kupakwa mafuta mepesi kila wiki, na mafuta yafutwe kabla ya kushika. Sahani zako zipeleke kwenye mizani ya dukani, kwa sababu zile za kusubu mtaani zilizoandikwa 20 hazifiki, au zinazidi. Na ukumbuke kwamba kushindana kutakutaka uvuke hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na upande basi. Upimaji wa uzito kwa sheria za IPF huanza saa mbili kabla ya kuinua. Mtu aliyejinyima maji ili aingie kwenye 74, akakaa kwenye basi usiku kucha, atafika hana nguvu. Wageni wote kwenye mchezo nawaambia washindane kwa uzito waliokuja nao.

Basi ninavyofanya na anayeniuliza ni hivi. Simwambii ahame. Namwambia ajaribu wiki 12, na mawe yabaki mara moja kwa wiki, mepesi, kwa ajili ya kiuno na mshiko. Wiki nne za mwanzo ni marudio matano au sita kwa takriban asilimia 70 ya uwezo wake wa kweli, ule wa kina kamili na chuma kilichotulia. Nne zinazofuata ni marudio matatu au manne kwa asilimia 80. Kisha wiki tatu za mzigo mzito wa rudio moja au mawili, na wiki ya mwisho anapumzika na kuja kupimwa.

Siku ya kupimwa tunaifanya kama mashindano. Majaribio tisa, dakika moja ya kuanza baada ya jina kuitwa, watu watatu wakae kama waamuzi, na nawachagua wale wasio rafiki zake. Jaribio la kwanza la kila mwinuo liwe uzito anaoweza kuurudia mara tatu hata akiwa amelala vibaya. Sina haja sana na jumla atakayopata. Namwangalia anapopewa taa nyekundu kwa skwati aliyoinua lakini hakushuka vya kutosha. Akianza kugombana na waamuzi, Jumamosi inayofuata tunarudi kwenye mawe. Akiniuliza, "Nilibakisha kiasi gani?" natoa daftari tuandike wiki 12 nyingine.