Etogramu ni nini, na kunguru wa Malindi anaingiaje hapo

Etogramu ni orodha ya vitendo vya mnyama, basi. Unakaa unamtazama ndege, kila anachofanya unakiandika kama kitendo, ametua, amedona, amelia mara tatu, na ilikuwa saa ngapi. Usichoandika ni nia yake, na mi naona hapo ndo penye kazi yenyewe kuliko hata kuwa na darubini nzuri.

Chukua kunguru wa Bara Hindi hapa Malindi, yule wa shingo ya kijivu, si yule wa kienyeji mwenye kifua cheupe. Asubuhi wavuvi wakishapasua samaki pale ufuoni anaruka na kipande cha utumbo hadi juu ya paa, anakisukuma kati ya makuti kwa mdomo, anageuza kichwa huku na huku, anaokota jani kavu anaweka juu, huyoo kaenda zake. Wengi tutaandika "ameficha asiibiwe". La, andika amesukuma, amefunika, wenzake 2 walikuwa kwenye mnazi wa karibu. Ukishayaona hayo mara nyingi, akiwa peke yake na akiwa na wenzake, linganisha, hapo ndo utakuwa na la kusema kuhusu wizi.

Jei ni ukoo mmoja na kunguru, huku kwetu hayupo, ila kwenye misitu mikavu ya pwani ya Pasifiki kule Costa Rica yupo mmoja mkubwa, buluu, koo jeupe, mkia mrefu na kishungi kichwani, anaishi kwa makundi. Ukiona jike anapeleka chakula kiotani utasema huyo mama mtu. Sasa watafiti wakawavisha pete za rangi miguuni, wakawa wanaandika tu nani kamletea nani chakula, kumbe walio wengi ni mabinti waliobaki nyumbani, wanamlisha mama yao akiwa ameatamia na wadogo zao wakishaanguliwa, madume ndo wanaohama. Wangeandika "mama" tangu siku ya kwanza hilo lisingeonekana kabisa.

Ukitaka kujaribu, chagua ndege mmoja, dakika 10, daftari na saa, na akikaa kimya andika pia manake kutulia nako ni kitendo. Akianza kukulilia wewe sogea nyuma, hapo ushamkaribia mno na unachoandika ni vile anavyokuogopa.