Hili la Chukwani, hili la Dodoma: taarifa yangu ya wiki

Asalam alaykum wazee wangu, ndugu zangu na vijana wa jimbo.

Mimi Mwakilishi wenu nimeshuka na boti Mkoani, hapa Pemba, jana mchana, wiki nzima nilikuwa Chukwani, Unguja, liliko Baraza letu la Wawakilishi, kwenye kazi za kamati, na kabla sijafika nyumbani simu ishajaa meseji. Nyingi ni za maji kwa hiyo naanza na maji, mengine yatafuata.

Leo alfajiri baada ya sala nimekwenda mwenyewe kwenye ule mfereji (bomba) wa chini ya mwembe. Nimekuta madumu arubaini na tatu yamepangwa foleni, wenyewe wamekaa kando, mengine yamefungwa vitambaa ili kila mtu ajue lake. Maji yametoka dakika kama ishirini, yakawa uzi, yakakatika. Dumu la kumi na sita limejaa nusu. Bibi mmoja, mtu mzima kwangu sana, akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kisima mlikuja kukifungua kwa dua na watu wakala biriani, sasa haya maji yanatoka tarehe ngapi?" Sikuwa na tarehe ya kumpa na nimemwambia hivo hivo, sina, lakini nitaitafuta.

Sasa niwaeleze kilichopo mana mtaani yanasemwa mengi. Kisima kizima na maji yamo. Kilichokufa ni pampu, na pampu imekufa kwa sababu ya umeme. Jioni kila nyumba ikiwasha taa, friji na feni umeme unakuwa mdogo, mota inajaribu kuwaka inashindwa, inapata moto, siku ya siku inaungua. Hii ni mota ya pili. Tukifunga ya tatu bila ya kurekebisha umeme wa pale pale kisimani tutazika pesa tu, ndo maana nimewaambia wahusika kwamba mimi sitaki pampu peke yake, nataka na transfoma yake.

Na hapa kwenye umeme wengi wananiuliza mbona ukikatika bara na sisi tunakaa kiza. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, tumeunganishwa 2010, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha na wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa. Unguja nao wanavuta wao kutoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, hadi Fumba. Shirika letu la ZECO linanunua umeme huo kwa TANESCO kisha ndo linatuuzia sisi. Kwa hiyo gridi ikipata hitilafu kule, hapa hakuna fundi wa kuiwasha, lakini nguzo iliyooza mtaani kwako, waya uliolegea, transfoma iliyozidiwa, hayo ni ya hapa hapa Zanzibar na mimi nna haki ya kuyadai. Naomba mtu akinipigia aniambie ni kiza cha Pemba nzima au cha mtaa wenu tu, mana najua wa kumpigia kutokana na jibu hilo.

Na hili la nani wa kumpigia ndo lililonifanya nikae kuandika urefu huu. Tangu nimeingia Barazani naona watu wanapoteza nauli na siku za kazi kwa kubisha mlango usio wao, na sisi viongozi tunawaachia, tunasema "tumelipokea, tunalifanyia kazi" basi. Mimi naona si haki. Mtu ameshindwa kwenda konde siku tatu kwa ajili ya karatasi moja, haki yake ajue karatasi ile inatoka wapi.

Iko hivi. Jimbo letu lina watu wawili, mimi Mwakilishi na mwenzangu Mbunge. Mimi nakaa Baraza la Wawakilishi, yeye anakaa Bunge la Muungano Dodoma. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, leo yako 22 na yameorodheshwa kwenye Katiba ya Muungano: ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, mambo ya nje, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, elimu ya juu na mengine. Usiyoyakuta mle ni yetu, yaani skuli za msingi na sekondari, hospitali, maji, barabara, ardhi, kilimo, karafuu. Hata sheria inayopitishwa Dodoma, kwa mujibu wa kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar haifanyi kazi huku mpaka iwe inahusu jambo la Muungano na waziri anayehusika ailete mbele ya Baraza letu. Wapo Wawakilishi watano ambao Baraza linawachagua waende pia kukaa Dodoma, lakini mimi simo, kwa hiyo mtu asinisubiri mimi nikaseme kule, amwone Mbunge, na namba yake ofisini kwangu ipo.

Mfano ulio hai. Kaja kijana mmoja na babake, wametandaza karatasi zote juu ya mkeka. Amejaza fomu ya kitambulisho cha taifa, cha NIDA, anasubiri, na anaamini kwamba ndo keshamaliza. Nikamwambia hiyo ni ya Muungano, ile ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi bado hujaigusa, nayo inaanzia kwa sheha wako, kiongozi wa shehiya, na inatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na hiyo ndo inayokuingiza kwenye daftari la kura la ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Tukazisoma karatasi moja moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli kinasema Hamis. Herufi moja tu! Herufi hiyo itamfuata kwenye kila ofisi mpaka siku ya paspoti. Wazazi nawaomba, kabla mtoto hajaanza kujaza fomu yoyote wekeni cheti cha kuzaliwa na cha skuli pamoja, msome jina herufi kwa herufi, na kama kuna kosa muanzie kulirekebisha kwenye cheti cha kuzaliwa, mana vingine vyote vinafuata kile.

Mikopo ya chuo kwa ufupi: ziko bodi mbili, ya Muungano na ya kwetu Zanzibar, kila moja ina fomu yake na siku yake ya kufunga, na ukikosa moja usikate tamaa hujaiuliza ya pili.

Karafuu. Msimu umeshika na mvua za vuli nazo zimeanza, kila nyumba iko kwenye kuchambua na kuanika. Wakulima watatu wamenilalamikia kuhusu kukaa kituoni tangu asubuhi hadi magharibi wakisubiri kupimiwa, nimeandika majina ya vituo na siku, Jumatatu nayapeleka kwa maandishi. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ndo mnunuzi wetu tangu 1968 na bei inatangazwa na serikali, kwa hiyo suala la bei ni la Baraza na nalibeba mimi. Ila na upande wetu upo, mvua ikikaribia kunjeni majamvi mapema, karafuu iliyorowa ikalala imeshikana inageuka mpeta na mpeta hauna bei, jasho lote la kupanda na kushuka mkarafuu linakwenda hivi hivi. Mama mmoja wa shehiya ya pwani kanionesha mkononi, karafuu kavu inavunjika kac! ukiikunja, ile yake iliyolowa inapinda tu kama kamba. Machozi yalikuwa yanamlenga na mimi pia.

Turudi kwenye kisima, mana nimeahidi kutafuta tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai unamalizika 30 Juni. Kila wizara inaleta makadirio yake Barazani, tunayajadili, tunayapitisha kabla Juni haijesha, na pakishapitishwa pesa ishagawiwa. Sasa shehiya nyingine zinaniletea ombi la kisima kipya mwezi wa Agosti, wakati sufuria lishapakuliwa zamani! Maombi makubwa ya mwakani, visima, madarasa, barabara za ndani, nayataka mkononi kabla ya mwezi wa Januari ili yawahi wizarani wakati wanaandika, baada ya hapo nabaki na kazi ya kuuliza tu. Matengenezo ni mengine, hayo hayasubiri Juni, na pampu yetu ni matengenezo.

Kwa hiyo nimefanya ninachoweza kufanya sasa hivi, nimeandika swali. Swali la Barazani linapelekwa kwa maandishi, waziri anajibu mbele ya Baraza, tunaruhusiwa kuuliza ya nyongeza, na kila neno linaingia kwenye hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Baraza. Nalithamini sana hilo la hansadi, mana jibu la simu linasahaulika lakini hili naweza kulifungua mwaka kesho nikamsomea yeye mwenyewe au atakayekaa kwenye kiti chake. Nna daftari nyumbani, naandika kila ahadi na siku iliyotolewa.

Jumamosi baada ya alasiri nipo skuli ya msingi, darasa la kwanza kutoka mlangoni, njooni na karatasi zenu. Swali nililoandika ni hili hapa, nimelinakili kama lilivyo:

"Kwa kuwa kisima kimeshachimbwa na maji yapo, na kwa kuwa mota mbili zimeungua kwa sababu ya umeme mdogo, (a) Je, serikali itafunga lini pampu mpya pamoja na transfoma ya kisima hicho? (b) Mheshimiwa Waziri awaambie wananchi wale, ni tarehe ngapi?"