Mawaziri wa Wales hawawajibiki London

Hata ndani ya Uingereza kwenyewe, wapo wanaoamini kwamba waziri wa Wales akiahidi jambo na asilitekeleze, wa kumbana ni wabunge wa Westminster, bunge la Uingereza lililoko London. Sivyo. Afya, elimu na serikali za mitaa zilihamia Cardiff, mji mkuu wa Wales, mwaka 1999, na wanaoziendesha huwajibika kwa Senedd, bunge la Wales. Foleni ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji Swansea haimhusu waziri wa afya aliyeko London. (Polisi na mahakama bado ziko chini ya London; hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.)

Senedd ikiwa kwenye vikao, kila Jumanne Waziri Kiongozi, mkuu wa serikali ya Wales, huulizwa maswali papo kwa papo, na kamati huwaita mawaziri wafafanue takwimu walizotamba nazo.

Lakini je, bunge hilo lina meno? Juni 2024 kura ya kutokuwa na imani na Vaughan Gething, Waziri Kiongozi wa wakati huo, ilipita kwa 29 dhidi ya 27. Kisheria haikumlazimisha kuondoka, naye akang'ang'ania. Julai, wajumbe wanne wa serikali yake walijiuzulu siku moja. Siku hiyohiyo akatangaza kung'atuka.